Kijito Kinapokauka: Kuzingoja Rehema za Mungu Wakati Nyumbani Hakuna Kitu

Mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa akiwa hapa Arusha, na mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Kwa sisi tunaoishi kwa kuwaendesha watalii kwenda Serengeti na Ngorongoro, ambao sehemu kubwa ya kipato chetu ni tipu anayoitoa mgeni siku ya mwisho ya safari, riziki ilikatika mara moja. Anga lilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni hawakurudi siku hiyohiyo, na msimu wa Juni hadi Oktoba tunaoutegemea kulipia ada na kodi ulipita magari mengi yakiwa yameegeshwa uani. Namwandikia mtu aliye katika hali ya namna hiyo leo, kwa sababu yoyote ile, ambaye anaomba na bado haoni jibu.

Sura iliyonishika katika kipindi kile ni ya 17 ya kitabu cha Wafalme wa Kwanza. Eliya alikwenda kwenye kijito cha Kerithi kwa agizo la Mungu mwenyewe, akaletewa mkate na nyama asubuhi na jioni, na hata hivyo kijito kilikauka, kwa kuwa mvua haikunyesha katika nchi. Maandiko hayasemi kwamba kilikauka kwa ajili ya dhambi ya Eliya. Nalisisitiza hili kwa kuwa mtu anapokwama huku kwetu hakosi wa kumwambia kwamba ana laana ya ukoo au kwamba imani yake ni haba, na maneno hayo humwumiza kuliko hata njaa. Tena utaona kwamba neno la kumpeleka Sarepta lilimjia baada ya kijito kukauka. Kulikuwa na siku ambazo Eliya aliyatazama maji yakipungua bila kuambiwa aende wapi, na nadhani wengi wanaoomba msaada wako katika siku hizo.

Sarepta nako hakukuwa na ghala. Mjane aliyemkuta akiokota kuni langoni mwa mji alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, naye alisema wazi kwamba akishapika chakula hicho, yeye na mwanawe watakula, kisha wafe. Mungu hakulijaza pipa lake hadi juu. Unga haukuisha, basi, na kila siku alichota cha siku hiyo. Kitabu cha Maombolezo nacho, katikati ya sura ya tatu iliyojaa malalamiko, kinasema kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Mimi na mama watoto tulibadili namna ya kuomba kwa sababu ya maneno hayo: badala ya kumwomba Mungu arudishe wageni wote kwa pamoja, tulitaja kinachotakiwa kabla ya jua kuchwa, yaani unga, mkaa na dawa ya pumu ya mtoto. Maombi ya namna hiyo hayaondoi wasiwasi, ila huupunguza hadi kufikia ukubwa wa siku moja, nao ukubwa huo unabebeka.

Jambo la pili ni kwamba Eliya, pamoja na unabii wake, ilimbidi afungue kinywa amwombe mjane maji na kipande cha mkate. Ushauri wangu hapa ni wa moja kwa moja: unapomngoja Mungu, mwambie pia mtu unachokosa, na umtajie kitu chenyewe. Ukisema tu "hali ni ngumu", utajibiwa "hata kwetu", na mazungumzo yataishia hapo. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu aliponiuliza, "Mwanangu, mnahitaji nini hasa?" nilimjibu kwamba tunahitaji unga na mtu wa kunisindikiza kwa mwenye nyumba ili nimwombe muda. Jumapili iliyofuata, kwenye ule mnada wa mazao tunaoufanya nje ya kanisa baada ya ibada, mama mmoja ambaye biashara yake ni mitumba alipandisha bei ya mkungu wa ndizi hadi wenzake wakamwachia, akalipa, kisha akausukuma kwa mguu hadi mbele ya mke wangu, huku akiendelea kuzungumzia habari nyingine kabisa. Katika Ramadhani ya mwaka ule jirani yetu Mwislamu naye alikuwa akituletea futari, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, na watoto wangu wakajua saa ya magharibi kuliko watoto wengi wa msikitini.

Jihadhari, hata hivyo, na wanaofanya biashara kwa kungoja kwako. Yupo atakayekuuzia mafuta ya upako na kukuahidi kwamba mlango utafunguka ndani ya siku saba. Pesa hiyo nunua unga. Wapo pia wa mikopo tunayoiita kausha damu, ambao hawakuulizi maswali siku ya kukupa na hawakusikilizi siku ya kudai. Usiuze kifaa cha kazi yako ukiwa bado na kitu kingine cha kuuza: dereva aliyeuza darubini yake mwaka ule alilazimika kuiazima kazi iliporudi.

Mwisho, uwe na daftari. Andika kila kinachoingia na aliyekileta, na kabla hujakipokea uliza kwa heshima kama ni zawadi au ni cha kurudisha, kwa maana undugu mwingi umevunjika kwa sababu mmoja alidhani amepewa na mwingine alijua amekopesha. Kilicho zawadi kishukuru na usijaribu kukilipa kwa haraka. Kilicho deni anza kukilipa na safari ya kwanza, hata kwa kiasi kidogo, na anza na yule ambaye hajawahi kukudai.