Jibu: hiyo picha ya stima (meli ya mvuke) uliyonunua mnadani Ohio, Marekani, unayeuliza kama ni ya zamani kweli

Mkuu, usikimbilie kuiuza wala kuifuta na kitambaa chenye maji! Kwanza chukua lenzi uiangalie kwa karibu, ukiona vidoti vya rangi vimejipanga basi hiyo ni kopi ya juzi tu, maana printi za Currier & Ives (kampuni ya New York iliyochapa picha) za miaka ya 1800 nyingi zilipakwa rangi kwa mkono na utakuta rangi imetoka nje ya mstari kidogo. Ila kama ni rangi ya mafuta kwenye turubai, stima imechorwa ubavu mzima na bendera ina jina la hiyo stima, aisee tafuta mtaalamu fasta, mchoraji James Bard wa New York, wa miaka ya 1800, alichora hivyo stima za mto Hudson na mara nyingi alisaini akaweka na anwani. Stika za nyuma usibandue, wanunuzi wanaziangalia sana hizo.