Usiipige polishi hiyo saa
Ndugu, umeuliza kama ile saa ya Rolex Submariner alokuachia marehemu babako itapanda bei kwa vile ni ya zamani. Uzee peke yake hautoshi bana, hiyo modeli 5513 ilitengenezwa toka 1962 hadi 1989 kwa hivyo ziko nyingi tu, za pesa kubwa ni zile chache kama za jeshi la majini la Uingereza. Wanaokusanya wanatazama sana uso wa saa na zile nukta za tritiamu, dawa ya kuzifanya zing'ae gizani, zilogeuka rangi ya samli, zikiwa za asili bei juu, zikibadilishwa basi imekwisha. Fundi wa hapo Malindi akitaka kuing'arisha mkatalie kabisa, chuma kikishalika kingo hazirudi. Na usiogelee nayo huko Watamu, mipira ya kuzuia maji ishachoka. Karatasi na boksi unazo?