Mabaki ya Vitambaa na Nyuzi: Jua Kwanza Ulichonacho

Anayeanza kushona nyumbani hujikuta na mfuko wa mabaki mapema sana. Kuna vipande vilivyokatwa shingoni na kwapani, kamba ndefu za ukingo wa kitambaa, na kwa mfumaji, madonge ya uzi yasiyotosha hata kofia ya mtoto. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nitengeneze nini?" Nami huuliza kwanza: hicho ulichoshika ni pamba, polista, sufu au mchanganyiko? Ukilijua hilo, kazi nusu imekwisha kujichagua. Usipolijua utachagua kwa rangi, na rangi haikuambii kitu kuhusu pasi wala maji ya moto.

Kama hukumbuki kitambaa kilitoka wapi, kichome kidogo. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo au kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati, weka maji karibu, kisha washa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu mepesi ya kijivu yanayosagika vidoleni. Sufu huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, na mara nyingi hujizima ukiondoa moto. Polista hujikunyata kukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha punje ngumu isiyosagika. Usiiguse ikiwa bado ya moto, kwa sababu hunata kwenye ngozi na kuunguza. Ukipata majivu yenye punje ngumu ndani yake, una mchanganyiko. Jaribio hili hufanywa na mtu mzima, dirisha likiwa wazi. Ukishajua, andika kwenye kikaratasi ukibane kwa pini, maana baada ya miezi sita utakuwa umesahau.

Kwa nini ninalisisitiza hili? Chukua kishikio cha sufuria. Ni kazi ndogo, na wengi huianza na uzi wa akriliki (wa plastiki, unaofanana na sufu) kwa kuwa ndio uliojaa kapuni. Akriliki huyeyuka ikikutana na chuma cha moto, na mkono uko nyuma yake. Kishikio kiwe cha pamba tupu, nje na ndani, pamoja na uzi wa kukishonea ukiweza. Akriliki iliyobaki itumie kwenye blanketi, kofia au skafu, ambako sifa yake ya kufulika bila shida ndiyo inayotakiwa.

Kufua nako kuna sababu yake. Pamba mpya husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, wakati polista karibu haibadiliki. Ukiunganisha vipande vya aina hizo mbili bila kuvifua, mto utatoka majini umejikunja kwenye kila mshono. Vitambaa vizima vifue kabla ya kukata. Mabaki yaliyokwisha kukatwa yatie ndani ya foronya, funga mdomo, fua kwa mkono au mashine. Bila foronya kingo zitafumuka na nyuzi zitafungana. Vipande vyekundu na buluu iliyoiva vipangusie kwanza kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, visikae na vyeupe.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Wengi hutupia kila kitu mfuko mmoja wakisema watapanga baadaye, na hiyo baadaye haiji. Ninachowashauri wanaoanza ni kukata mabaki siku ileile nguo inapokamilika, mkasi ukiwa bado mezani na pasi ikiwa ya moto. Chagua vipimo viwili tu: miraba ya sentimita 10, na mikanda ya upana wa sentimita 5, urefu wowote. Ukishona miraba hiyo kwa kuacha milimita 6 za mshono kila upande, kila mmoja hubaki na sentimita 8.8. Maana yake miraba 100, kumi kwa kumi, inakupa blanketi la mtoto mchanga la sentimita 88 kila upande, bila kuhesabu ukingo. Huna haja ya kununua kitambaa kwa ajili yake. Miraba inajikusanya yenyewe kila ukishona, ukiamua kuikata.

Vipande vidogo kuliko hapo, au vilivyokatwa upande-upande, navyo vina njia yake, na hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Kata mraba wa shuka kuukuu, sentimita 25 hivi. Huo ni msingi, hautaonekana. Weka kipande cha kwanza katikati, uso ukitazama juu. Chukua cha pili, kilaze juu yake uso kwa uso, kingo zilingane upande mmoja. Shona mstari ulionyooka ukipita vipande vyote viwili na shuka. Kifunue, kipige pasi kilale sawasawa, kisha cha tatu kikae kwenye ukingo uliotokea. Endelea kuzunguka mpaka shuka isionekane, geuza upande wa nyuma, ukate kinachozidi kwa kufuata umbo la msingi. Pasi usiiruke hata mara moja: mshono usiolazwa huacha kikunjo, na kikunjo kikishashonewa juu hakitoki.

Msingi huo unasaidia kwa sababu ya uelekeo wa nyuzi. Kivute kitambaa kilichofumwa kwa kufuata nyuzi zake, hakiendi. Kivute mshazari, kinavutika. Kipande cha ovyo karibu kila mara kina ukingo mmoja wa mshazari, na bila kitu cha kukishikilia kitalegea chini ya cherehani. Ila tabia hiyohiyo ni faida unapotaka kuzungushia shingo au kwapa. Kata mikanda kwa pembe ya digrii 45, upana mara nne ya ule utakaoonekana: ukitaka ukingo wa sentimita 1, kata sentimita 4. Unapounga mkanda na mkanda, mshono nao uwe mshazari, ili unene usirundikane mahali pamoja.

Kwa nyuzi za kufumia, mzani mdogo wa jikoni ni rafiki mkubwa. Tuseme lebo inasema gramu 50 ni mita 125, na donge lako lina gramu 18. Una mita 45. Unaweza kupanga kabla hujaanza. Uzi mwembamba uongezewe mwingine mwembamba, ufume kwa nyuzi mbili pamoja. Ukibadilisha uzi mmoja kila unapokwisha, rangi hugeuka polepole na kazi haionekani kama ya mabaki. Ukiwa katikati ya kazi hujui kama uzi utafika mwisho wa mstari unaofuata, ukunje uliobaki sehemu mbili sawa na ufunge fundo legevu katikati. Fuma mstari mmoja. Ukimaliza kabla ya kulifikia fundo, unatosha mstari mwingine. Kama fundo limekuja mikononi mstari haujaisha, badilisha rangi sasa.

Ncha ziache ndefu, sentimita 15, uzipitishe kwa sindano ndani ya vitanzi kwenda na kurudi. Fundo peke yake hufunguka likifuliwa. Sufu ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, inaungwa bila fundo kabisa: chambua ncha mbili, zilaze moja juu ya nyingine, zilowanishe, uzisugue viganjani mpaka zipate joto na kushikana. Pamba na akriliki hazikubali mbinu hii, usipoteze muda.

Tisheti kuukuu nayo ni uzi. Kata mwili wake kwa mkanda mmoja wa sentimita 2 au 3 unaozunguka bila kukatika, kisha uvute. Kingo hujikunja zenyewe. Inafaa zulia dogo au kikapu, kwa kulabu nene.

Punje za kitambaa zisizofaa kitu kingine zikatekate ndogo, ujazie mto wa kukalia. Zitakuwa nzito, kwa hiyo zisijaze mto wa kulalia. Mwanasesere wa mtoto chini ya miaka mitatu asiwe na vifungo. Macho yatarizi kwa uzi. Na kitambaa kinachochanika ukikivuta kwa mikono kitumie kufutia mafuta ya cherehani, halafu kitupe. Ukikiunga na kizima, kitakwisha mapema na kuacha tundu kwenye kazi yako.

Kama hujui uanzie wapi, anza na kile kishikio. Mraba wa sentimita 20 uliojengwa juu ya shuka ya pamba, tabaka mbili za taulo kuukuu la pamba katikati, pamba nzito nyuma. Pitisha mishono ya kukatiza tabaka zote kila baada ya sentimita 3, kisha zungushia mkanda wa mshazari, ukiacha kitanzi cha kutundikia kwenye pembe moja. Kabla hujakitumia, kiwekee sufuria yenye maji ya moto juu yake na uweke kiganja chini. Ukihisi joto haraka, ongeza tabaka la tatu la taulo.