Andika gharama za klasta kila siku, na uandike sababu

Mwanzoni mwa Aprili mwaka jana, mama mkurugenzi wetu aliniita ofisini kwake hapa Lubumbashi. Mezani palikuwa na ankara mbili za seva zetu za wingu, yaani mashine tunazokodi kupitia intaneti. Februari dola 412, Machi dola 497. Kando yake aliweka karatasi ya tatu, ameiandika kwa mkono: idadi ya malori tuliyofuatilia kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila wiki.

"Mwanangu, malori yamepunguka, ankara inapanda. Nifasirie."

Nikasema kazi imeongezeka. Akaigusa ile karatasi ya tatu kwa kalamu, akanyamaza akiniangalia. Nilitoka pale bila jibu, na kadi tunayolipia ilikuwa imebaki na pesa za kutosha mwezi mmoja tu.

Siku mbili nilizotumia kutafuta jibu ndizo zimenifanya niandike haya, kwa sababu vijana wengi hapa mjini sasa wanaendesha klasta (makundi ya mashine zinazofanya kazi pamoja) za Kubernetes, programu inayogawia mashine hizo kazi, kwa ajili ya kampuni ndogo kama yetu, na wengi wanangoja ankara ya mwisho wa mwezi ndipo waanze kujiuliza.

Kwanza nilizigawa ankara kwa siku. Februari ina saa 672, Machi ina 744, na mashine ya wingu hulipiwa kwa saa hata kama hakuna lori barabarani. Dola 412 kwa siku 28 ni dola 14.71 kwa siku. Dola 497 kwa siku 31 ni 16.03. Kwa hiyo katika zile dola 85 zilizomshtua mama, 44 zilitokana na urefu wa mwezi tu. Zilizopanda kweli ni kama 41. Tangu siku hiyo silinganishi mwezi na mwezi. Nalinganisha siku na siku, tena Jumatatu na Jumatatu, maana Jumapili yetu si kama siku za kazi.

Zile 41 zilinisumbua zaidi. Mashine zilikuwa tatu kama zamani, mtandao haukubadilika. Nikafungua orodha ya diski, nikakuta tano ambazo hazijafungwa kwenye mashine yoyote, kila moja gigabaiti 100, senti 8 kwa gigabaiti kwa mwezi. Dola 40 hizo. Mwisho wa Februari tulijaribu hifadhidata yenye podi tano (podi ni kifurushi ambamo programu inaendeshwa), tukaifuta baada ya siku chache. Kubernetes ukifuta kundi la podi za aina hiyo, diski zake hazifutwi pamoja nalo, na hilo limewekwa makusudi ili data yako isipotee. Basi diski zilibaki zinalipiwa mwezi mzima, tupu. Dola iliyobaki sikuihangaikia.

Kama ningekuwa na faili ya kila siku, ningeona mstari wa diski ukiruka mwisho wa Februari, na ningejua ndani ya siku chache.

Faili yetu ya sasa ni jedwali la kawaida. Kila asubuhi skripti inachukua gharama za juzi, si za jana, kwa sababu takwimu za jana huwa bado zinajazwa. Inaandika tarehe, jumla, mashine, diski, mtandao, kisha idadi ya malori ya siku ile na gharama kwa kila lori. Yote kwa dola. Wateja wanalipa kwa franga, lakini ukichanganya kiwango cha ubadilishaji humo ndani hutajua tena kilichopanda ni nini. Mwanzo skripti ilikaa kwenye kompyuta ya ofisi, na kila umeme ulipokatika siku ilikosekana. Nikaihamishia ndani ya klasta yenyewe.

Safu ya mwisho naijaza kwa mkono: kilichobadilika. "Tumeongeza mashine moja." "Tumeanza kutunza picha za mizigo." Maneno matano yanatosha. Tarakimu unaweza kuzirudia baadaye kutoka kwa mtoa huduma, lakini sababu hakuna anayekutunzia, na baada ya miezi sita wewe mwenyewe utakuwa umeisahau.

Andika pia kiasi, yaani saa za mashine na gigabaiti, maana bei nazo huhama. Tangu tarehe 1 Februari 2024 Amazon hutoza nusu senti kwa saa kwa kila anwani ya umma ya intaneti, ile iitwayo IPv4. Kwenye EKS, huduma yao ya Kubernetes, klasta hulipiwa senti 10 kwa saa mbali na mashine, kama dola 73 kwa mwezi. Toleo lako la Kubernetes likizeeka na kutoka kwenye muda wa uangalizi wa kawaida, zile 10 zinakuwa 60, na klasta ni ile ile, hakuna aliyegusa kitu. Ukihama kutoka Virginia kwenda Cape Town ili uwe karibu na kwetu, mashine ya aina ile ile ni ghali zaidi. Asiye na kiasi ataona dola zimepanda na kudhani kazi ndiyo imekua.

Jambo jingine: ankara inaona mashine, haioni podi. Ukitaka kujua kila programu inakula kiasi gani, programu ya OpenCost ni ya bure na inagawa gharama kwa kuangalia kila podi imejiwekea nini na inatumia nini. Ila kwa kawaida inategemea Prometheus, programu ya kukusanya vipimo vya klasta, ambayo isipobadilishwa hutunza siku 15 tu. Nilipoteza mwezi mzima wa takwimu kwa kutolijua hilo. Zitoe kila siku uziweke kwenye faili yako. Na lebo za mradi ziweke kwenye kila mashine na kila diski leo, kabla hujaunda nyingine.

Mama mkurugenzi sasa anapata ile faili kwenye simu kila asubuhi. Wiki iliyopita alinipigia sijafika hata ofisini: "Mwanangu, Jumatano mtandao umeruka dola mbili, na wewe hukuandika kitu. Kulikuwa nini?"