Mahindi yanayosemekana ni ya GMO: tule au tumwage?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tandahimba. Mwezi uliopita nilinunua gunia la mahindi kwa mfanyabiashara aliyesema yametoka mkoa mwingine. Punje zake zilikuwa kubwa na zinalingana zote. Shemeji yangu alipoyaona alitoa simu akatusomea ujumbe kwamba mahindi ya namna hiyo ni GMO, yametiwa vinasaba vya nguruwe na yanaua uzazi. Mume wangu akamwaga nusu gunia jalalani, yaliyobaki akawapa kuku. Sasa hata mayai ya kuku hao hataki kuyagusa. Nami nilikuwa nimenunua pakiti mbili za mbegu ya mahindi, ziko ndani, sijui nizipande au nizichome. Naomba unijibu: chakula cha GMO ni halali au haramu? Je, si kubadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu? Na mimi niliyewalisha watoto mahindi yale wiki mbili nzima, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Mama, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Huna dhambi. Ulinunua nafaka sokoni kwa pesa yako ya halali, ukaisaga, ukawapikia wanao. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w.): kuna watu wanatuletea nyama, nasi hatujui kama wameitajia jina la Mwenyezi Mungu au la. Akawajibu: "Itajieni jina nyinyi, na mle." Imo katika Sahihi Bukhari. Na hiyo ni nyama, ambayo masharti yake ni mazito kuliko ya nafaka. Hakuwaambia waimwage, wala hakuwatuma wakachunguze machinjioni.

Wanazuoni wa usul, yaani misingi ya sharia, husema kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tukifahamu kwanza. Mahindi yenye punje kubwa zinazolingana mara nyingi ni chotara. Chotara hupatikana kwa kuchukua aina mbili za mahindi na kuchavusha moja kwa nyingine, jambo ambalo hata upepo hulifanya shambani, ila mtaalamu hulipangilia. Ndiyo maana ukipanda tena punje za chotara mavuno hushuka, na watu wakaona "mbegu hairudii" wakadhani imefanyiwa uchawi wa maabara. GMO ni kitu kingine. Hapo mtaalamu huchukua kinasaba, yaani chembe inayobeba urithi, kutoka kwa kiumbe kimoja akakipachika ndani ya mmea. Mahindi yanayoitwa Bt yalipewa kinasaba cha bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ili viwavi wanaotoboa bua wafe wakilitafuna. Soya ilipewa kinasaba cha bakteria mwingine ili isife mkulima anapopuliza dawa ya kuua magugu. Mazao hayo yalianza kulimwa kwa wingi Marekani mwaka 1996, na Afrika Kusini wanalima mahindi ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Umeona mwenyewe kwamba nguruwe hayumo katika habari hiyo.

Hapa kwetu Tanzania hakuna mbegu ya mahindi ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima. Kulikuwa na shamba la majaribio Makutupora, Dodoma, lililoanza mwaka 2016, la mahindi ya kustahimili ukame. Mwaka 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta. Majirani zetu wa Kenya walipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO mwaka 2012, serikali yao ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022. Kwa hiyo kama gunia lako lilitoka mkoa mwingine wa nchi hii, kama alivyosema muuzaji, hakuna sababu ya kuliita GMO kwa ukubwa wa punje tu. Mlimwaga mahindi mazuri.

Na lau yangekuwa ya GMO kweli? Asili ya mahindi ni halali. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, aya ya 168: "Enyi watu, kuleni vilivyomo katika ardhi, halali na vizuri." Anayedai kimetoka kwenye uhalali huo ndiye anayetakiwa kuleta dalili, na ujumbe wa simu usio na mwenyewe si dalili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilipozungumzia kunakili viumbe (cloning), lilikataza kabisa kwa binadamu, lakini likaruhusu mbinu hizo na uhandisi wa vinasaba kwa mimea na wanyama ndani ya mipaka ya sharia, kwa kuleta manufaa na kuondoa madhara. Mwaka uliofuata, Baraza la Fiqhi la Makka nalo likaruhusu katika kilimo, likaweka sharti la tahadhari zote ili kusitokee madhara, hata ya baadaye, kwa mtu, mnyama au mazingira. Likawataka pia watengenezaji wa vyakula na dawa waeleze vilivyomo ndani yake. Sharti hilo la kueleza nitalirudia, maana hapo ndipo penye uzito wangu.

Kuhusu kubadilisha maumbile, najua shemeji yako atakusomea aya ya 119 ya Suratun Nisaa, pale Shetani anaposema atawaamrisha watu wabadilishe alichoumba Mwenyezi Mungu. Wafasiri wengi wa mwanzo, akiwemo Ibn Abbas katika riwaya moja, wamesema makusudio ni dini ya Mwenyezi Mungu. Wengine wametaja kuhasi na kuchanja chale. Isingekuwa sawa kuichukua aya hiyo tukampiga nayo kila mtu aliyegusa mmea. Hebu tazama mikorosho iliyo nyuma ya nyumba yako. Miche mingi inayotolewa siku hizi ni ya kubebesha: kikonyo cha mkorosho mmoja kimefungwa juu ya shina la mwingine, vikashikana, ukawa mti mmoja. Watafiti wa Naliendele, hapa hapa Mtwara, wametoa aina za mikorosho, ufuta kama Lindi 202, na karanga aina ya Pendo, kwa kuchagua na kuzalisha mbegu kwa miaka. Nani katika masheikh zetu wa Kusini amewahi kusema korosho za miche ya kubebesha ni haramu? Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwa watu wa Madina wanaochavusha mitende kwa mikono, akasema kwamba wasipofanya hivyo huenda ingekuwa vizuri. Wakaacha, tende zikatoka mbovu. Aliporudi na kuuliza akaelezwa, akasema: "Nyinyi mnajua zaidi mambo ya dunia yenu." Basi mkono wa mkulima kwenye mmea si dhambi kwa dhati yake. Na juu ya mkono huo bado inabaki aya ya Suratul Waqia: "Je, mnayaona mnayoyapanda? Ni nyinyi mnaoyaotesha, au ni Sisi?"

Kuhusu afya, mimi si daktari, na sheikh anayetoa hukumu ya tumbo bila kumsikiliza daktari anadhulumu watu. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye masoko ya kimataifa vimepita vipimo vya usalama, na havielekei kuleta hatari kwa afya ya binadamu. Madai ya kuua uzazi hayana ushahidi wa kitabibu. Likipatikana zao fulani lenye madhara yaliyothibiti, hukumu ya zao hilo itabadilika siku hiyo hiyo, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana."

Sasa niseme linaloniuma. Mimi pia ni mkulima, nina shamba dogo upande wa Mikindani. Msimu mmoja nilinunua mbegu ya mahindi kwenye duka la pembejeo, punje zina rangi nyekundu kama zilizotiwa dawa. Nikapanda kwa mvua za kwanza. Siku kumi zikapita, katika kila mashimo kumi yaliota matatu. Nikachukua punje zilizobaki nikaziosha kwenye beseni, rangi ikatoka yote, yakabaki mahindi ya kula. Mvua ilikuwa imeshapita. Msimu ule watoto wangu walikula makopa ya muhogo ya kununua. Huyo aliyeniuzia hakuhitaji maabara kunifanyia haramu, alihitaji rangi tu.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Akauliza: "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa kwamba kimenyeshewa mvua. Akasema: "Mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Angalia vizuri, mama. Nafaka iliyolowa haikuwa haramu kuila. Kilichokuwa haramu ni kuificha. Kwa kipimo hicho, atakayewaletea watu wa Mtwara na Lindi nafaka, unga au mafuta yaliyotokana na GMO bila kusema, amewaghushi, hata kama chakula chenyewe hakina sumu. Mnunuzi ana haki ya kujua anachokilipia, kisha achague. Tuidai haki hiyo misikitini, kwenye mikutano ya vijiji na kwenye AMCOS zetu, yaani vyama vyetu vya ushirika wa mazao, kwa sauti ile ile tunayoitumia kudai malipo ya korosho.

Kuna haki nyingine, ya mbegu yenyewe. Mama zetu wa Kimakonde, Kimwera na Kiyao walining'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jikoni, na mwenye kupungukiwa alikwenda kwa jirani akapewa njugu mawe au kunde za kupanda bila kulipa. Mbegu nyingi za GMO zina hakimiliki ya kampuni. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote kwa kauli moja, kwamba mkulima hana ruhusa ya kupanda kizazi kinachofuata cha soya yenye hakimiliki bila idhini ya mwenye nayo. Mgunduzi ana jasho lake na anastahili malipo, hilo silipingi. Lakini siku mbegu hizo zikiruhusiwa huku kwetu, mkulima aelezwe kwa Kiswahili, kabla hajatoa shilingi, kama ataruhusiwa kuweka mbegu au la. Akifichwa hilo, mauzo hayo yana dosari kisharia. Na chavua haijui mpaka wa shamba: mwenye kupanda kwa namna itakayoharibu mbegu ya jirani anawajibika kwake. Mwenyezi Mungu amewataja kwa ubaya, katika Suratul Baqara aya ya 205, wanaoangamiza mimea na viumbe.

Turudi nyumbani kwako. Zile pakiti usizichome. Tazama kama zina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ukwangue namba yake na kuihakiki kwa simu, au umpelekee afisa ugani wa kata azione. Zikiwa sahihi, panda kwa Bismillahi. Mayai ni halali. Kuku amekula mahindi, wala mahindi si najisi. Hata mnyama aliyekula najisi wanazuoni wamemwekea utaratibu wa kumfungia na kumlisha kisafi, si kumtupa.

Kumwaga nusu gunia kwa tetesi ni kosa, na mume wako aombe msamaha kwa Mola wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tonge likianguka tuliokote, tuliondolee uchafu, tule. Nyumba za huku njaa ikibana watu huingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na nusu gunia iko jalalani! Ila usimwambie kwa maneno haya yangu makali. Alifanya kwa kuogopa haramu isiingie matumboni mwa watoto, na woga huo una asili njema; umekosa elimu tu. Msomee jibu hili mkiwa wawili, shemeji asiwepo. Kisha mkumbushe aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotutaka kuhakikisha habari kabla ya kuitenda. Akibaki na shaka moyoni, asilazimishwe kula, kwani mtu anaruhusiwa kuacha kinachomtia shaka. Haruhusiwi kukiita haramu mbele ya watoto, wala kukuzuia wewe kukipika.

Wallahu a'lam.