Beji ya kofia ya ofisa haisuguliwi

Beji nyingi za kofia za sare ya kaki za maofisa wa Uingereza zilitiwa rangi ya kahawia iliyoiva kwa dawa, hazikukusudiwa kung'aa. Chini ya rangi hiyo ni shaba tupu. Ukiisugua kwa Brasso, dawa ya kung'arisha shaba, rangi hutoka kwa dakika chache, nawe unabaki na kitu cha manjano kama beji ya askari wa kawaida. Thamani imeondoka na kitambaa.

Kutu ya kijani inayojikusanya nyuma dondoshea mafuta ya cherehani, iache siku nzima, kisha ikwangue kwa kijiti cha meno. Sindano itachora. Beji za aluminiamu ya rangi ya dhahabu, zilizoanza miaka ya 1950, zinataka maji ya vuguvugu na sabuni tu.

Kabla ya kununua, igeuze. Beji ya ofisa mara nyingi ina ndimi mbili bapa za shaba zinazopenya kitambaa na kukunjwa kwa ndani. Usizikunje na kuzikunjua ovyo: shaba hukakamaa kila inapopindwa, mwisho hukatika palepale kwenye lehemu. Kuuunga upya ulimi kunataka joto la karibu nyuzi 190, na joto hilo huharibu rangi ya mbele. Ulimi mmoja ukikatika, bora uuache hivyo hivyo. Beji bandia zilizomiminwa kwenye kalibu hujulikana kwa vitundu kama vya mchanga na mistari iliyofifia.

Taji lililo kwenye beji pia husema enzi yake. Matao yaliyopanda kwa mviringo ni ya 1901 hadi 1952. Yaliyobonyea katikati ni ya enzi ya Elizabeth II. Ila tangu 2022 taji la mviringo limerudi, kwa hiyo lisikudanganye peke yake.

Kofia yenyewe, adui ni nondo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, itie kwenye friza la nyuzi -18 kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka ipate joto la chumba, la sivyo umande utalowesha utepe wa ngozi wa ndani. Utepe huo usiupake mafuta. Hupenya hadi kwenye sufu na kuacha doa lisilotoka. Waya unaoshikilia umbo la juu, kama unatoka, utoe: ukishika kutu huchafua kitambaa kwa mstari wa kahawia. Jaza ndani karatasi isiyo na asidi, si gazeti, ili kofia isiegemee ukingo wake wa mbele.