Chaji usiku, maliza alfajiri: betri ya pikipiki ya umeme kwenye joto la Dar

Kuna ushauri umeenea kila kijiwe chenye pikipiki za umeme hapa mjini: tumia betri mpaka izime kabisa, ndipo uchaji, na ukichaji hakikisha imejaa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa betri ikichajiwa nusu nusu "itazoea". Maneno hayo yalikuwa na ukweli enzi za betri za nikeli, zile za simu za mwanzo mwanzo. Betri ya lithiamu haizoei kitu. Anayeimaliza mpaka sifuri kila siku anaifupishia maisha kwa mkono wake, tena akiamini anaitunza.

Mimi nasambaza mizigo kwa pikipiki ya umeme, nachukua Kariakoo napeleka popote mteja alipo, iwe Mbezi, Tegeta au Kigamboni. Chombo ni changu, betri ni yangu na LUKU ni yangu, kwa hiyo hakuna tajiri wa kumpigia simu betri ikifa. Wenzangu mnaobadilisha betri vituoni hili haliwahusu sana, mwenye kituo ndiye anayehangaika nalo. Nazungumza na sisi tunaochomeka ukutani nyumbani.

Tuanze na hesabu, maana wengi tunabana mahali pasipo na hela. Betri ya volti 72 yenye Ah (ampea-saa) 20 inabeba uniti 1.44 za umeme. Chaja nayo inapoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo LUKU itakatwa kama 1.6 hivi. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO uniti ni Sh 292, ukiweka kodi na tozo inakaribia Sh 360. Maana yake kujaza betri iliyokwisha kabisa hakufiki hata Sh 600. Sasa linganisha na bei ya betri mpya, ambayo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye pikipiki. Jamaa anayechomeka juani saa nane mchana kwa sababu umeme wa pale ni wa bure ameokoa hela ya soda.

Kuna kundi moja ambalo kwao umeme ni suala kweli: nyumba zilizo kwenye ule utaratibu wa uniti 75 kwa mwezi kwa Sh 100. Ukichaji uniti 1.6 kila siku, pikipiki peke yake inakula karibu 48 kwa mwezi, na nyumba inaweza kutoka kwenye kundi hilo. Kama mnashirikiana LUKU na wapangaji wengine, funga mita ndogo kwenye soketi yako kabla ugomvi haujaanza. Utaanza tu, na lawama zote zitakuangukia wewe hata kama kuna mtu anapikia jiko la umeme chumbani kwa siri.

Haya, betri. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwemo, jua betri yako ni ya aina gani, kwa sababu ushauri unaoiokoa moja unaiumiza nyingine. Soma kibandiko cha betri, kisha soma cha chaja. Kwa betri za volti 72, chaja iliyoandikwa 84V mara nyingi ni ya lithiamu ya NMC (nikeli, manganizi na kobalti), yenye seli 20 zilizofuatana, kila moja ikijaa kwenye volti 4.2. Iliyoandikwa 87.6V ni ya LFP, lithiamu ya chuma na fosfeti, seli 24 zinazojaa kwenye volti 3.65. Halafu zipo zile nzito za asidi, betri sita za volti 12, na chaja yake inafika volti 88 na ushee. Ukiangalia haraka unaona namba zinakaribiana, na soketi zake mara nyingi zinaingiliana. Hapo ndipo hatari ilipo. Chaja ya 87.6V ukiichomeka kwenye betri ya 84V, kinachokulinda ni kile kibodi cha ndani tu, BMS, yaani bodi ndogo ya saketi inayosimamia betri, kikate umeme kwa wakati. Usiazime chaja ya jirani kwa sababu tu imeingia.

Adui mkubwa hapa kwetu ni joto. Vitabu vya betri za lithiamu vinaruhusu kuchaji kati ya nyuzi 0 na 45. Huko kwenye sifuri hatutafika, lakini kwenye 45 tunafika bila kujua. Chukua Januari au Februari, nyuzi 32 kivulini. Umepandisha Kimara na mzigo nyuma, foleni imekushika, betri imetoa umeme mwingi na yenyewe imepata moto kwa ndani. Unafika nyumbani, unachomeka papo hapo ili uoge huku inajaa. Umeichaji katika saa mbaya kuliko zote za siku.

Kipimo changu ni kiganja. Nafungua kiti, naweka kiganja juu ya kasha la betri. Likiwa na joto la kunizidi mimi, nasubiri, kwa sababu ndani ni zaidi ya nje. Kama betri yako inatoka, itoe uiweke sakafuni penye hewa, isikae imefungiwa kwenye boksi chini ya kiti. Saa moja au mbili zinatosha. Na mchana, egesha kivulini hata kama ni kutembea hatua kadhaa. Watu wanaficha siti kwa kitambaa ili wasiungue makalio, huku betri iliyo chini yake ikiungua.

Joto likikutana na betri iliyojaa ndiyo balaa zaidi. Betri ya NMC ikiwa asilimia 100 iko kwenye mkazo, kama mpira uliojazwa upepo mpaka mwisho ukaachwa juani. Kwa hiyo swali si kujaza tu, swali ni inakaa imejaa kwa muda gani. Ukichomeka saa mbili usiku kwa chaja ya ampea 5, betri ya Ah 20 itajaa kama saa saba usiku, kisha inakaa imejaa hadi unaamka. Mimi natumia taima ya soketi, zile za kuzungusha zinazouzwa maduka ya vifaa vya umeme. Naipanga iwashe usiku wa manane ili chaji imalizike karibu na alfajiri, dakika chache kabla sijatoka. Betri imeshapoa, hewa imepoa, na ikijaa inaanza kazi mara moja. Kwa mabadiliko yote niliyofanya, hili ndilo ninalolipendekeza kwanza, kwa sababu baada ya kulipanga mara moja halikudai nidhamu yoyote.

Siku ambayo safari ni fupi, ishia asilimia 80 au 90. Na usiogope kuchomeka mchana ukiwa na 40 ukapandisha hadi 70, mradi ni kivulini na betri haina moto. Nusu mbili zinahesabika kama mzunguko mmoja wa chaji, si miwili. Betri inapenda kupanda na kushuka kidogo kidogo kuliko kutoka 100 hadi sifuri. Mimi ikifika 20 naanza kurudi.

Mwenye LFP, wewe una nafuu na una kero. Nafuu ni kwamba betri yako inavumilia mizunguko mingi zaidi, mara nyingi zaidi ya 2,000, na haichukii sana kujaa. Kero ni kwamba volti yake haishuki sawasawa: katikati yote inakaa palepale, kisha mwishoni inaporomoka. Ndiyo maana dashibodi inakuonyesha 35 pale Tazara na kabla hujafika Buguruni inasoma 8. Kibodi kinahitaji kuiona betri imejaa kabisa ili kihesabu upya na kisawazishe seli. Ijaze mpaka mwisho angalau mara moja kwa wiki, na taa ya chaja ikigeuka kijani iache kidogo kabla ya kuchomoa. Wa NMC nao wafanye hivyo, ila mara chache zaidi. Mwenye betri za asidi asinisikilize mimi kabisa kwenye habari ya 80. Hizo zinataka kujazwa kila baada ya matumizi, zikilala njaa zinaharibika.

Umeme ukikatika, chomoa. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024 hali ya umeme imekuwa bora kuliko enzi za mgao, lakini kukatika kwa mtaani, nguzo au transfoma, bado kupo, na umeme ukirudi unarudi kwa kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache kinafaa pia kwa chaja.

Plagi ya kuchajia ikague. Wanaovuka kivuko cha Kigamboni kila siku wanajua chumvi inavyofanya kazi: pini zinaota ukungu wa kijani, plagi inalegea, na usiku unaipapasa unakuta ya moto. Plagi ya moto ni dalili ya mguso mbaya, na plastiki yake ikianza kubadilika rangi, badilisha siku hiyohiyo. Masika, kausha kabla ya kuchomeka. Na kijana wa kuosha mwambie asielekeze mashine ya presha chini ya kiti.

Ukisafiri kwenda mkoani wiki kadhaa, usiiache imejaa wala tupu. Nusu, au zaidi kidogo, kisha zima swichi kuu ya betri. Pikipiki nyingi za mkataba zina GPS inayonyonya taratibu usiku na mchana, na ukirudi unakuta betri imelala kabisa. Ikishalala hivyo, usikubali fundi "aishtue" kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja kutoka betri nyingine akikipita kibodi. Seli ya lithiamu iliyoshuka sana inaweza kuwa imeharibika ndani, na inaweza kuwaka wakati wa kuchajiwa, si lazima mbele ya fundi. Anaweza kuwa ameshalipwa na wewe umelala.

Na hapo ndipo mahali pa kuchajia panapokuwa na maana. Usichaji mlangoni au kwenye korido ambayo ndiyo njia yenu pekee ya kutokea, wala chumbani mnapolala. Ukiona betri imevimba, inatoa harufu tamu tamu ya kemikali au moshi, toka na watu wote kwanza, kisha piga 114, Zimamoto.

Betri ikishuka mpaka haikufikishi unakotaka, mara nyingi bado ina zaidi ya nusu ya uwezo wake. Usiwape watu wa chuma chakavu waipasue kwa nyundo. Tafuta fundi wa sola anayezijua. Atazipima seli, atenganishe zilizokufa, na zilizobaki zitawasha taa na feni ya duka kwa muda mrefu. Kabla ya kuibeba, iache na chaji kidogo tu na ufunge ncha zake zote kwa tepu ya umeme, hasa ukipanda nayo daladala.